Chai Haimiminwi kwa Aliyesimama

Mwanangu Tausi,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali ya yule tunayemwandikia. Hali yako naijua. Uko kwa Bi Chausiku, jirani yetu, umekwenda kumuaga, na kicheko chako nakisikia kikipita juu ya ua wa mabati. Hali yangu ndiyo sijui niieleze vipi. Nimechoka tangu asubuhi na sijafanya kazi yoyote ya kuchosha. Nimekunja nguo zako, nimezikunjua, nimezikunja tena. Begi liko mlangoni. Kila nikipita hapo nalifungua kuhakikisha cheti chako cha kuzaliwa kimo, kana kwamba karatasi inaweza kutoka yenyewe na kwenda zake.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufua sare, wala za kuvuka barabara kuu yenye malori. Hayo mama yako anayajua kuliko mimi. Kuanzia kesho utakuwa kwake Mikumi, utaanza kidato cha kwanza huko, na mimi nitakuwa baba wa likizo. Naandika kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunaosha vikombe. Uliuliza bila kuniangalia: "Baba, safari hii utakaa?"

Nikakujibu kwamba tutaona. Wewe ukaendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Tunajua sote wawili ulikuwa unauliza nini. Kila nikikupeleka Mikumi tunafikia kwenye kibanda cha chai cha mama yako, yeye ananimiminia chai, na mimi naipokea na kuinywa nimesimama karibu na nguzo, mkoba begani. Nasema gari la kurudi Kilosa linaondoka. Nakunywa haraka, naungua ulimi, nashukuru, naondoka. Miaka yote hiyo nimejua, na nadhani na wewe umejua, kwamba lile gari haliondoki mpaka lijae, na kwamba haliwezi kujaa ndani ya muda wa bilauri moja ya chai.

Likizo iliyopita mama yako alileta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa khanga aliyojifunga kiunoni, akakiweka nyuma yangu. Mimi nikasema gari linaondoka. Dereva wa hilo gari alikuwa meza ya pili, anatafuna chapati. Akasema, "Gari gani hilo, karani? Langu tairi liko chini, na utingo mwenyewe hajarudi."

Watu wakacheka. Hata mama yako alicheka kidogo, akageukia jiko. Wewe hukucheka. Ulikiangalia kile kiti, kisha ukaniangalia mimi, kisha ukaenda kuosha masufuria ambayo hakuna aliyekuambia uyaoshe. Ndiyo maana juzi uliuliza, na ndiyo maana "tutaona" halikuwa jibu.

Nataka kukueleza nilivyojifunza kusimama.

Ulipozaliwa nilikuwa kijana mno. Siku nilipokubeba kukupeleka kliniki, muuguzi aliniuliza baba wa mtoto yuko wapi, akidhani mimi ni kaka yako. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata ukarani wa masjala, kazi ya kutunza majalada, na niliiogopa kama mtu aliyepewa yai alibebe kwenye kijiko barabarani. Niliogopa kuchelewa. Niliogopa pia kuwahi sana, nikutwe peke yangu mlangoni nidhaniwe mwizi. Niliogopa kuweka jalada mahali pasipo pake, mtu akose haki yake kwa sababu ya mkono wangu. Nilisoma vizuri, walimu walinisifu, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kuwa na kazi na bado akamaliza kikombe cha chai.

Tulikuwa na chumba kimoja, hapa hapa Magomeni ya Kilosa. Mama yako aliamka kabla yangu, akawasha mkaa, akatwanga tangawizi kwa kitako cha chupa. Mpaka leo sijui anafanyaje chai ile. Alichemsha maji na tangawizi kwanza, majani akayatia mwishoni, akafunika, akasubiri. Harufu ilijaa chumba kizima, na wewe ulipiga chafya kwenye kitanda chako cha maboksi. Aliandaa vikombe viwili juu ya kigoda, akakaa, akakijaza cha kwanza. Mimi nilikichukua nikiwa nimesimama, viatu tayari miguuni, nikapuliza, nikanywa nusu, nikatoka. Asubuhi baada ya asubuhi.

Siku moja alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo kuna mawingu: "Mume anayekunywa chai amesimama ni mgeni."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nikamaliza nusu yangu nikaenda kazini.

Ofisini nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Saa nne chai ilipoletwa, wenzangu walikaa kwenye benchi la nyuma wakapiga soga. Mimi niliibeba yangu mpaka kwenye meza, nikaisahau, ikapoa, ikafanya utando juu kama maji ya dimbwi. Siku moja niliimwaga juu ya jalada. Nililikausha juani, nimelikandamiza kwa mawe, nikilisimamia kama anayelinda mpunga usiliwe na ndege. Mkuu wangu alipolishika alilinusa, akasema, "Karani, jalada hili lina tangawizi." Yeye akaendelea, "Nenda kwenye benchi na wenzako, unywe chai kama mtu." Hakuwa na hasira hata kidogo. Nilizidi kumwogopa kwa sababu hiyo, kwa kuwa mtu asiye na hasira leo anaweza kuwa nayo kesho.

Unaona jinsi akili yangu inavyofanya kazi. Wewe huna akili ya namna hiyo, na ninashukuru.

Mama yako hakuondoka kwa ugomvi. Watu wengine watakuambia vingine, usiwasikilize. Alikwenda Mikumi kumsaidia shangazi yake aliyekuwa anauza chai kwa madereva na abiria, na alipotakiwa kurudi hakurudi. Nilimfuata. Nilimuuliza nimemkosea nini, nikiwa na hofu ya kila jibu. Alisema hakuna mwanamke mwingine anayemshuku, na njaa hakulala nayo. Akasema, "Nimechoka kumpikia chai mgeni." Basi. Tukakubaliana wewe ubaki nami kwa ajili ya shule, likizo uende kwake. Nilirudi kwa njia ya kijiji kile kiitwacho Ulaya, siku ya mnada, gari likisimama kila mara kupisha baiskeli zilizobeba magunia, na sikuona chochote.

Ndipo nikaanza kupika chai mwenyewe. Za kwanza unazikumbuka. Ulikuwa unazinywa huku umefumba macho. Lakini nilijifunza, na nitakuambia ukweli, mwanangu: kama kuna kitu nimekifanya vizuri katika kukulea ni chai ya saa kumi. Nikitoka kazini, wewe ukitoka shule, tunatandika mkeka mlango wa nyuma, birika katikati. Chai ya rangi yenye mchaichai tuliouchuma kwa Bi Chausiku, au ya maziwa siku yule mama wa Kimasai akipita na madumu yake. Wewe unapuliza kwa kelele ili kuniiga. Unatia sukari kijiko kimoja mbele yangu, na kingine unakitia nikigeuka. Nilikuwa naona. Nilitaka kukukataza kwa sababu babu yako aliugua sukari, lakini kila mara nilifikiri: mwache leo.

Na mwaka ule mto Mkondoa ulipoingia mitaani, tumbo la kuhara likazunguka nyumba kwa nyumba, sisi hatukuugua. Sisemi chai ni dawa. Watu wanaipa sifa nyingi, inaondoa hiki, inashusha kile, na mimi sina uhakika na yote wanayosema, kwa hiyo siyaandiki. Najua tu kwamba maji yetu yalichemka kila siku, kwa sababu hatukujua kukaa pamoja bila birika. Huenda faida kubwa ya chai ni hiyo tu, moto uliopita kwenye maji.

Sasa nafika kwenye kuanguka kwako. Nakuomba univumilie, najua hupendi jambo hilo lizungumzwe.

Ulipoanguka mstarini shuleni mwaka jana, nilikimbia kutoka ofisini na kalamu mkononi. Zahanati walikupima, wakasema damu imepungua. Muuguzi aliuliza unakula nini, nikamtajia: ugali, maharage, mchicha, dagaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, na chai anakunywa saa ngapi? Nikajibu kwa majivuno, nakumbuka majivuno yangu, nikasema: kila mlo. Nilikuwa nimeanza kukuwekea kikombe asubuhi, mchana na usiku, pembeni ya sahani, tena chai nzito. Sikujua ninafanya nini. Nilitaka meza yetu ifanane na meza yenye watu.

Hakunigombeza. Alieleza polepole kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya kuongeza damu yaliyomo kwenye maharage na mboga. Mtoto ale kwanza, chai isubiri kama saa moja hivi, na pembeni ya sahani kikae chungwa au pera badala ya kikombe. Akakupa vidonge, na dawa ya minyoo, akataka tukurudishe kupimwa tena. Wewe njiani ulininong'oneza, "Baba, usilie, watu wanatuangalia." Sikuwa nalia. Nilikuwa nafikiri kwamba hata upendo wangu unahitaji kusimamiwa na mtu mwingine.

Habari zilifika Vidunda, na bibi yako, mama yake mama yako, akateremka kutoka mlimani na kapu la mapera kuja kukuona. Nilihama nikalala kwa jirani, kama inavyostahili mkwe. Asubuhi nilikuja kumwamkia. Unakumbuka alivyokuwa akipasua vile vipakiti vya chai nilivyonunua ili kumheshimu? Aliuliza yale majani yamefanya kosa gani hata yamefungwa. Ulicheka mpaka ukakohoa, na ndiyo mara ya kwanza nilikuona una rangi usoni.

Lakini kuna jambo hukulisikia, kwa sababu ulikuwa bado umelala.

Asubuhi ya pili niliingia, nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, baba. Birika lilikuwa tayari. Nikachukua bilauri nikasimama mlangoni, mkoba begani, nikisubiri amimine. Hakumimina. Aliniangalia mikono, akaniangalia miguu. Kisha akauliza, taratibu sana: "Mkwe, nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna, mama, kuna nini?

"Basi kaa."

Nikakaa. Niliposhaweka mkoba chini ndipo alipomimina. Akanieleza. Huko kwao mlimani nyumba ziko mbalimbali, na mtu anayetumwa kupeleka habari ya msiba hakai wala hanywi kitu mpaka aiseme. Akikaribishwa akabaki wima, mama wa nyumba anajua. Anaacha anachofanya, anamsubiri aseme. Kwa hiyo nyumbani kwao chai haimiminwi kwa aliyesimama. Kwanza asikilizwe. Alisema tangu jana yake, nilipoingia na kubaki wima, moyo wake ulikuwa unadunda, anawapitia wanawe mmoja mmoja kichwani, nani, nani, nani.

Nikamuuliza kama mama Tausi anaijua desturi hiyo. Akanishangaa.

"Kwani amelelewa na nani?"

Tausi, nilikwenda kazini siku hiyo na sikuweza kusoma jalada hata moja. Nilimwona mama yako amekaa kando ya mkaa, kikombe chake hakijaguswa, ananitazama usoni nikipuliza chai yangu. Nilikuwa nikidhani anasubiri kushukuriwa. Nilikuwa nikisema asante na kutoka. Mimi nimekulia hapa mjini, sikujua. Na yeye hakunieleza, kwa sababu jambo ulilolelewa nalo hulioni kama jambo la kuelezwa. Kila asubuhi aliamka akapika chai nzuri, na kila asubuhi mtu alisimama mbele yake kama mleta msiba, akanywa, akaondoka bila kuusema. Ningekuwa mimi, ningechoka mapema zaidi.

Labda utauliza, kama nililijua hilo mwaka jana, mbona niliendelea kusimama Mikumi? Ni swali zuri, na nimelizunguka barua nzima. Kabla ya bibi yako kuja nilisimama kwa mazoea. Baada yake nilisimama kwa sababu kweli nina habari, na sijaweza kuisema. Nikikaa mbele ya mama yako bila kuisema nitakuwa mwongo. Nikiisema, huenda atacheka, huenda atanyamaza, huenda atasema amekwisha sahau. Sijui lipi naliogopa zaidi. Nikiona kile kiti, magoti yangu yanakakamaa, na mdomo wangu unataja gari.

Simwombi arudi. Nataka uelewe hivyo, usije ukajenga kitu kichwani halafu kikakuangukia. Ana maisha yake, ana wateja wanaomsalimia kwa jina lako, Mama Tausi, barabara nzima, na mikono yake haionekani kuwa na haraka tena. Ninachotaka ni kwamba wewe usiwe na wazazi ambao mmoja anakaa na mwingine yuko karibu na nguzo. Utakuwa na mahafali, utaugua, utaolewa Mungu akipenda, na siku zote hizo kutakuwa na chai. Nisipokaa sasa, nitakuwa mgeni katika zote.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa. Kula kwanza, chai ifuate baadaye, damu yako isipungue tena. Usinywe nzito tumbo likiwa tupu, utapata kiungulia kama changu. Usiku uiache, usije ukakesha ukifikiri unaogopa mtihani kumbe ni majani. Kile kijiko cha pili cha sukari, sasa sitakuwepo kukiona, amua mwenyewe. Na ukipatwa na hofu, maana una damu yangu na huenda siku moja ikakujia, teleka maji ukae. Kwangu mimi hofu haijawahi kuondoka kwa sababu ya chai. Lakini nikiwa nimekaa, nimeshika kitu cha moto kwa mikono miwili, sijawahi kufanya uamuzi wa kijinga. Yote ya kijinga niliyafanya wima.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuificha barua hii ndani ya begi, katikati ya sare, uikute Mikumi nikiwa nimekwisha ondoka. Sasa nimeona ule mpango ulikuwa nini. Ungeisoma wakati tayari unajua kama nilikaa au sikukaa, na kama sikukaa, barua ingekaa kwa niaba yangu. Huo ni ukarani, kuacha karatasi izungumze.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mchana niliiweka kalamu chini nikaenda kuomba ruhusa kazini, ya kesho na ya kesho kutwa, na mkuu wangu aliniuliza kama kuna msiba. Nilimjibu ndiyo, wa zamani kidogo. Aliniangalia, akatia saini. Gari la kurudi sikulitafuta. Na barua nitakupa sasa hivi, ukirudi, uisome mbele yangu, ili kesho pale kibandani uwepo mtu mmoja anayejua habari niliyobeba, na nisipate pa kukimbilia. Habari yenyewe nitamwambia mama yako kabla ya kugusa bilauri. Ni fupi. Nilikuwa naogopa, kosa halikuwa lako. Nimeijaribu kwa sauti hapa, peke yangu, na sauti ilikatika katikati, lakini ilifika mwisho.

Kile kicheko kwa Bi Chausiku kimenyamaza. Nasikia kandambili zako uani, zinaburuza, kama za mtu asiyetaka kufika haraka. Leo nimechelewesha chai ya saa kumi mpaka jua limezama, nikikusubiri. Mkeka nimeutandika, birika liko katikati, tangawizi nimeitwanga kwa kitako cha chupa.

Ukimaliza kusoma usiseme kitu. Habari nimeshaisema, na nimekaa. Nimiminie.

Baba yako